Uliza Kabla ya Tiba ya Miale Myembamba

  Leo nazungumza nawe uliyeambiwa kwamba mtoto wako, au mzazi unayemtunza, ana uvimbe mdogo kichwani na atatibiwa kwa miale myembamba ya mionzi.

Kabla ya mashine kutibu mtu yeyote, wataalamu huweka kifaa cha kupimia mbele yake ili wajue nguvu ya miale. Je, miale ikiwa myembamba kuliko kifaa chenyewe?

Mama, fikiria tundu la msumari kwenye bati la jikoni. Jua likipenya, huacha doa dogo kwenye kiganja chako. Doa hilo ni kali, lakini sehemu iliyobaki ya kiganja iko kivulini. Ukiugawa mwanga huo kwa kiganja kizima, utasema ni hafifu. Kifaa kipana hukosea vivyo hivyo. Miale ikifunika nusu yake tu, husoma karibu nusu ya nguvu iliyopo.

Hatari iko hapa. Mtaalamu akidhani miale ni hafifu, ataongeza muda, na mgonjwa atapata dozi kupita kiasi. Huko Toulouse, Ufaransa, kati ya Aprili 2006 na Aprili 2007, wagonjwa 145 walipata mionzi kupita kiasi kwa sababu kifaa kilichopimia miale myembamba kilikuwa kikubwa mno.

Njia za kurekebisha zipo. Kwanza, hutumiwa kifaa kidogo sana. Pili, hesabu iliyosomwa huzidishwa kwa namba maalum ya kifaa hicho. Kosa likiwa kubwa, kifaa hicho hakifai, kitafutwe kingine. Tatu, kipimo hurudiwa kwa kifaa cha aina nyingine, kisha majibu hulinganishwa. Mwaka 2017, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilitoa mwongozo wa kazi hii.

Kwa hivyo mama, usimtoroshe mtoto hospitalini kwa woga. Uvimbe haungoji. Muulize daktari kwa upole: "Miale hii myembamba ilipimwa kwa kifaa kinachoifaa? Nani mwingine alihakikisha?" Kuuliza si utovu wa adabu, ni haki ya mgonjwa wako. Ukijibiwa vizuri, mpeleke kila siku aliyopangiwa, bila kuruka.