Kidonge na Jicho Linalopepesa: Miondoko Isiyo ya Hiari kwa Watoto Wanaotumia Dawa za ADHD



Mzazi anayerudi kliniki kulalamika kwamba mwanawe, tangu aanze methilifenideti, dawa ya ADHD (tatizo la kukosa umakini na utulivu), anapepesa macho na kuinua bega ovyo, huwa amekwisha kutoa hukumu: ni dawa. Nasi watabibu na wauguzi humkubalia upesi mno. Dawa inasimamishwa, na mtoto anarudia utukutu uliokuwa ukimtoa darasani.

Hofu hii ina historia. Mwaka 1982 madaktari wa Marekani walichapisha habari za watoto waliopata tiki, yaani mishtuko ya misuli au sauti zinazotoka bila hiari, baada ya kupewa dawa za kuchangamsha ubongo, methilifenideti ikiwamo. Hoja yao ilikuwa na mantiki, kwani dawa hizi huongeza nguvu ya dopamini, na dopamini inahusika sana na miondoko ya mwili. Onyo likaingia kwenye vikaratasi vya dawa, na limo hadi leo.

Ushahidi wa baadaye unasema mengine. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulifuatilia watoto 136 wenye ADHD ambao tayari walikuwa na tiki. Waliosema tiki zimezidi walikuwa asilimia 20 ya waliopewa methilifenideti, na asilimia 22 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote.

Mzazi hakudanganya, basi. Kilichomponza ni kalenda. ADHD hugundulika mtoto anapoanza shule, na tiki nazo huanza katika miaka hiyohiyo, zikifikia kilele kati ya miaka 10 na 12. Tena hupanda na kushuka zenyewe. Dawa ikianzishwa wakati zinapanda, lawama inaiangukia.

Wapo watoto wachache ambao dawa huwazidishia kweli. Kwao tunapunguza dozi, tunasubiri, tunatazama tena. Kulamba midomo na kuchokoa kucha bila kukoma nako mara nyingi ni dalili ya dozi kubwa, wala si tiki.

Linalonitisha mimi ni jingine, nalo halizungumzwi vya kutosha. Mtoto aliyekuwa kwenye risperidoni au haloperidoli, dawa zinazozuia dopamini, anaachishwa ghafla na kuanzishwa methilifenideti. Ulimi unaweza kuanza kujipinda, shingo ikakaza, taya likavutwa upande. Huyo hangojei tarehe ya kliniki. Aletwe siku hiyohiyo. Kubadilisha dawa hizi kufanywe polepole, moja ikipungua ndipo nyingine iongezwe.

Napendekeza kila faili liwe na mistari michache iliyoandikwa kabla ya kidonge cha kwanza: je, mtoto ana tiki sasa? Aliwahi kuwa nazo? Je, baba, mama au ndugu zake? Mzazi aombwe pia kumrekodi kwa simu akiwa nyumbani, kwa sababu watoto wengi huweza kuzizuia tiki kwa dakika zile wanazokaa mbele ya daktari, kisha zikafumuka wakifika barabarani.