Mwakilishi wa Wadi Atoe Hesabu



Tumesimama mbele yenu hapa Nyamache tukiwa wageni katika siasa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugombea kiti, na huyu mwenzetu tunayemsimamisha kwa Bunge la Kaunti ya Kisii ataliona jina lake katika karatasi ya kura kwa mara ya kwanza. Ni haki yenu kutuuliza tunafuata nini huko.

Uhuru wa kusimama hivi haukuja kwa hisani ya mtu. Mwaka 1982 Jaramogi Oginga Odinga na George Anyona, mwana wa Gusii, walipojaribu kuanzisha chama cha pili, serikali ilijibu kwa kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kisheria. Anyona aliwekwa kizuizini. Mwaka 1988 wananchi walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea, na kuna mahali mlolongo mfupi ulitangazwa mshindi. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991. Mwaka uliofuata Anyona, aliyekuwa amefungwa tena, alichaguliwa Mbunge wa Kitutu Masaba.

Vyama vikawa vingi, lakini fedha zikabaki Nairobi. Ni Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliyoleta kaunti 47 na kuamuru zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Zahanati, masoko, shule za chekechea, na hata barabara za mashambani ambazo magari ya majani chai hukwama mvua inaponyesha, yote hayo sasa ni kazi ya kaunti.

Hapa tuseme jambo ambalo wagombea wengi hulificha. Mwakilishi wa wadi hana mfuko wa kujenga barabara. Mwenye kutumia fedha ni gavana na maofisa wake. Mwakilishi hutunga sheria, hupitisha bajeti na kuchungua matumizi. Anayewaahidi lami kwa mkono wake mwenyewe ama anawadanganya ama hajaisoma Katiba, nasi hatujui lipi baya zaidi.

Basi ahadi yetu ni ya karatasi. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, kabla ya mwaka wa fedha kufunguliwa Julai. Kila mara tutaileta karatasi hiyo hapa na kuisoma hadharani, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii: zahanati ipi, barabara ipi, shilingi ngapi. Mwaka ukifungwa tutarudi kusoma kilichotumika. Zahanati ikiandikiwa dawa na kabati likakutwa tupu, mtajua nani wa kuulizwa, na mwakilishi wenu atakuwa wa kwanza kuulizwa kwa nini alinyamaza.

Wapo watakaosema: na harambee je? Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha ambazo Rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto zirudishwe. Sisi tungependa kuwaepushia wachungaji wetu taabu hiyo. Bahasha inayotolewa leo mbele ya madhabahu hutafutiwa malipo kesho, na mahali pepesi pa kuyapata ni katika kandarasi za kaunti. Sadaka tutatoa kama waumini wengine, bila kutangazwa.

Tunajua uamuzi huu una gharama. Miongoni mwenu wapo wazazi ambao watoto wao wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na mgombea mwenye bahasha atawafikia kabla yetu. Hatuwezi kuwalaumu wakimsikiliza. Huenda tukashindwa kwa sababu hiyo.

Nakala ya makadirio ya kaunti iko mezani karibu na mlango. Anzeni na kurasa za afya na barabara, kisha mtuulize maswali. Tutakaa hapa hadi jioni.