Chuo Kisichotaka Jiko Kitoe Maji ya Moto

Msikilizaji, panda ngazi za bweni la chuo hapa Dar es Salaam saa mbili usiku, pua itakuonyesha chumba kinachovunja sheria. Kitunguu kikikaangwa hakifichiki. Tangazo la kukataza kupika limebandikwa ukutani, na uvunguni mwa kitanda kuna jiko la koili limefunikwa kanga.

Mwenye jiko hilo simtetei. Nyaya za bweni hazikufungwa ili kila chumba kiinjike wali kwa wakati mmoja, na moto ukizuka ghorofa ya nne hauulizi nani kaanza. Katazo ni halali. Swali langu ni hili: ukishamkataza, ale nini?

Boom, yaani fedha ya mkopo, likiingia, jibu ni zege, yaani chipsi mayai, na soda ya kuteremshia. Soda yenyewe, chupa ya kola ya mililita 350, ina sukari inayozidi gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai. Mama gani angemkorogea mwanawe chai ya namna hiyo? Boom likikata, zege nalo linageuka anasa, na hapo inaanza pasi ndefu: andazi na chai ya rangi saa nne asubuhi, halafu tumbo linaambiwa lisubiri usiku. Na tusimlaumu sana. Posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilipandishwa kufika shilingi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, na kodi ya chumba imo humo humo.

Asiye na jiko anunue kwa aliyekwisha kuwasha moto. Njia za kutokea vyuoni hazikosi mama anayepima maharage ya kuchemsha kwa kikombe, kijana wa mayai na kachumbari, viazi vitamu, karanga. Chukua kikombe cha maharage, katia nyanya na kitunguu, ongeza kipande cha parachichi, kamulia ndimu, kula na kiazi. Ndimu hapo haipo kwa mbwembwe. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, ilhali chai ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Kwa binti anayepoteza damu kila mwezi, jambo hilo si dogo. Chai isubiri kama saa moja hivi.

Jioni usipoyaona maharage, mayai mawili na konzi ya karanga yanakupa protini karibu gramu 20. Dagaa waliokaangwa wakakauka vizuri hukaa ndani ya kopo lenye mfuniko, na kwa kuwa huliwa na miiba yake, wana kalisi ya kutosha. Mwenzako wa chumba atalalamikia harufu. Mkaribishe, atanyamaza.

Ila cha kuchemsha nunua cha mlo mmoja tu. Kwa joto letu hili, bila friji, maharage ya jioni hayafai kuwa kifungua kinywa. Wali ndio wa kuogopa zaidi: ukilala nje, kuna vijidudu vinavyoweza kuacha humo sumu ambayo hata ukiupasha moto haitoki.

Ipo pia chupa ya chai, hasa ile yenye mdomo mpana. Isuuze kwa maji ya moto ipate joto, weka mchele uliooshwa, mimina maji yanayotokota, funga kabisa, nenda kipindini. Baada ya saa nzima utakuta wali, ukiwa na ubishi kidogo katikati, lakini wali. Maharage makavu usiyajaribu humo. Hasa yale mekundu yana sumu ya asili inayoondoka kwa kuyaloweka, kumwaga maji yale, kisha kuyatokosa kwelikweli kwa dakika 10 au zaidi, nayo maji ya chupa huanza kupoa pale tu unapofunga kizibo.

Sasa hayo maji yanayotokota yanatoka wapi? Ndiyo yanayoturudisha uvunguni, kwenye koili na zile hita za kutumbukiza ndooni. Nijuavyo mimi, nusu ya mapishi ya siri mabwenini ni mtu anayetafuta maji ya moto tu: ya chai, ya kumwogeshea mgonjwa, ya kuloweka tambi. Kwa hiyo chuo kinachokataza jiko kifunge tangi la maji ya moto kila ghorofa, likaguliwe na fundi, waya wake uwe wake peke yake. Kama ghorofa zote ni mzigo, basi ianze ya chini. Wahasibu wa vyuo wanaonisikiliza wapige hesabu ya tangi hilo, kisha waiweke kando ya bili ya umeme unaoliwa na hita ambazo kila mlezi wa bweni anajua ziko vyumba gani.