Kijana Aliyeogopa Amani

Mwaka 1949, Japani ikiwa bado chini ya majeshi ya Marekani, kijana wa miaka 24 alichapisha riwaya iliyompatia umaarufu. Ni Yukio Mishima, aliyeacha kazi Wizara ya Fedha mwaka mmoja kabla ili aandike. Riwaya yenyewe ni Kamen no Kokuhaku, yaani Maungamo ya Barakoa.

Msimulizi wake, kama Mishima mwenyewe, amelelewa na bibi mgonjwa, chumbani kwa bibi huyo. Anavutiwa na wanaume, na analificha jambo hilo hata kwa kujilazimisha kumpenda msichana, Sonoko. Wahakiki wengi huishia hapo. Mimi naona Vita vya Pili vya Dunia ndivyo kiini chake. Maadamu Tokyo inapigwa mabomu, kijana huyu ana raha ya ajabu: atakufa, basi hatalazimika kuoa wala kujieleza kwa mtu. Lakini anapoitwa jeshini, akiwa na homa, anamwongopea daktari kuhusu dalili zake. Anadhaniwa ana ugonjwa wa mapafu, anaruhusiwa kurudi nyumbani, na akishavuka lango la kambi anatimua mbio. Anayetamani kufa anakikimbia kifo! Mishima hamtetei hata kidogo.

Kisha 1945 vita vinakwisha. Kijana huyo anaingiwa na hofu, kwa kuwa sasa kuna kesho ya kuishi. Sonoko, ambaye kijana mwenyewe alikataa kumwoa, anaolewa na mwingine.

Dunia hupenda kusimulia jinsi Mishima alivyojiua mwaka 1970. Kwangu, kitabu hiki kinamweleza vizuri zaidi.