Mzigo wa Ugonjwa Ubebwe kwa Haki: Shule ya Sekondari Wakati wa Maradhi ya Mlipuko

Mada kwa Wakuu wa Shule, Walimu, Wazazi na Wajumbe wa Bodi za Shule za Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa





Nimeombwa kuzungumza juu ya namna ya kuiendesha vema jumuiya ya shule ya sekondari wakati wa ugonjwa unaoenea. Huenda baadhi yenu mkauliza: ya nini mada hii, ilhali Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya UVIKO-19 imekwisha? Jibu ni kwamba ugonjwa mmoja huondoka na mwingine hubisha hodi. Kati ya 2022 na 2023 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 1,700 nchini Malawi, ng'ambo ya ziwa letu hili. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera, na tena Januari 2025. Mvuvi mwenye busara hutengeneza mtumbwi wake ziwa lingali limetulia.

Neno langu leo ni moja. Shule haivunjwi na ugonjwa peke yake. Huvunjwa pale mzigo wa ugonjwa unapotupwa mabegani mwa wachache. Wazee wa Umatengo walilijua jambo hili katika kilimo. Mteremko mkali hauokolewi na shimo moja kubwa. Huokolewa na ngolo nyingi zilizopangwa pamoja, kila moja ikipokea sehemu yake ya mvua. Basi na tuitazame shule kwa jicho hilo, katika mambo matatu.

1. Ukweli usemwe

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa nchini, na kesho yake Serikali ikatangaza kufungwa kwa shule. Tangu Mei mwaka huo takwimu za taifa hazikutangazwa kwa takriban mwaka mzima. Katika kipindi hicho, Januari 2021, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwaonya waamini kwamba hatari bado ipo na kwamba yawapasa kujikinga. Maonyo hayo yalikuwa tendo la upendo, maana asiyeambiwa ukweli hawezi kujilinda.

Yaliyo kweli kwa taifa ni kweli kwa bweni. Mwanafunzi anayeogopa kuitwa mleta balaa huificha homa yake chini ya blanketi, na baada ya siku chache bweni zima linakohoa. Kwa hiyo basi, patroni na matroni wapokee habari ya ugonjwa bila karipio. Mzazi aarifiwe siku ile ile. Jina la mgonjwa lisitajwe mstarini. Aidha, wanafunzi wafundishwe kwamba kila ugonjwa una njia yake: UVIKO-19 husafiri hewani, hivyo madirisha ya bweni yafunguliwe na vitanda visibanane, kipindupindu husafiri katika maji na chakula, hivyo maji yachemshwe, na vyoo na jiko visimamiwe kwa ukali.

2. Kazi igawanywe

Mwaka 2020 karibu kila shule iliweka ndoo za bomba na vibuyu chirizi. Jambo jema. Lakini kibuyu hakijijazi chenyewe. Ni nani ashukaye mtoni alfajiri? Mara nyingi ni wasichana, na wale wa kidato cha kwanza wasioweza kukataa. Kanuni ya afya inayotekelezwa kwa jasho la wanyonge ni dhuluma iliyovaa vazi la usafi. Zamu ya maji iandikwe na kubandikwa ubaoni, wavulana kwa wasichana, kidato cha kwanza hadi cha mwisho, viranja wakiwamo.

Kadhalika tuwakumbuke wapishi, walinzi na walimu wa shule zinazotegemea ada. Shule ikifungwa, ada hukoma. Ada ikikoma, mshahara huwa wa kwanza kukatwa, na wa mpishi hutangulia wa wengine wote. Tangu 1891, katika waraka Rerum Novarum, Papa Leo XIII alifundisha kwamba ujira wa kutosha ni haki ya mfanyakazi. Bodi za Shule hazina budi kuweka akiba ya dharura katika miaka ya neema, na kukubaliana mapema kwamba upungufu ukija, wenye mishahara mikubwa watapunguziwa kwanza.

3. Asiachwe mtu

Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni 2020, na wengine tarehe 29 Juni. Sisi tulifungiwa miezi mitatu na nusu. Ndugu zetu wa Uganda hawakufungua shule zote hadi Januari 2022. Hata hivyo, miezi michache yatosha kumpoteza mtoto. Masomo yalitolewa redioni na katika televisheni, lakini yalimfaidia nini mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna umeme wala betri? Huku milimani msimu wa kahawa humwita shambani. Kule mwamboni usipa humwita ziwani. Akishazoea kushika fedha, daftari huwa zito. Na binti aliyepata mimba hukaa ndani kwa aibu.

Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Mwaka huo huo fedha za mkopo wa UVIKO-19 zilitengwa kujengea vyumba vya madarasa 15,000 nchini. Lakini tangazo halimwiti mtu kwa jina lake, wala dawati jipya halitembei kwenda kijijini. Mchungaji wa Injili hakuridhika na kondoo tisini na tisa. Napendekeza: siku ya kufungua shule majina ya wasiofika yaandikwe, na kabla ya juma la pili kwisha, mwalimu mmoja na mjumbe mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo wafike nyumbani kwa kila mmoja wao, si kumhukumu bali kumwita.

Ndugu zangu wapendwa, tarehe 27 Machi 2020 Papa Fransisko, akisali katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, alitafakari habari ya wanafunzi wa Yesu waliokumbwa na dhoruba. Sisi wa Mbamba Bay na Liuli hatuhitaji kuelezwa dhoruba ya ziwani ni nini. Twajua pia kwamba chombo kikiyumba, kila aliyemo hushika kitu: huyu kasia, yule kata ya kukumbia maji. Shule yenye haki siku za afya ndiyo itakayosimama siku za ugonjwa. Tuanze sasa.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Je, katika shule yetu mtoto akiugua usiku, humwambia nani bila hofu?
2. Ni nani wanaochota maji ya shule, na ni nani waliopanga hivyo?
3. Ni vijana gani wa mtaa wetu walioacha shule, na nani kati yetu atakwenda kwao juma hili?