Kadi Niliyodhani Imekufa



Nimeombwa niseme juu ya kompyuta. Nitasema juu ya aibu yangu. Mwaka 2020 nilinunua kadi ya picha ya mtumba, ili nicheze michezo ya Windows katika kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya Linux. Kwanza ilikataa kuwaka. Nikawasha IOMMU katika BIOS, nikaitoa kadi mikononi mwa Linux pamoja na sehemu yake ya sauti, maana hizo mbili ni kundi moja. Ikawaka, lakini Windows ikaandika kosa namba 43. Nikaenda dukani, nikamwita muuzaji tapeli mbele ya wateja wake.

Aliichomeka katika kompyuta ya kawaida. Ikafanya kazi! Kumbe draiva za kadi zile zilijizima zikigundua zimo ndani ya kompyuta pepe. Watengenezaji waliondoa zuio hilo mwaka 2021. Usiku ule niliongeza mistari miwili ya kuificha siri hiyo, picha ikatokea.

Asubuhi nilirudi kuomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nahitaji kebo.