Picha Isiyotikisika: Namna ya Kuchagua Kifaa cha Kutuliza Kamera

Hotuba ya afisa wa uwanjani kwa familia zilizohamishwa, familia zilizowapokea na viongozi, Alunguli, Kindu



Leo tunazungumza juu ya kifaa kidogo: kile cha kutuliza kamera mkononi. Mtu anaweza kuuliza, jambo hilo lina uhusiano gani na amani? Uhusiano upo. Huku mashariki mwa Kongo, shirika la Search for Common Ground limeonyesha filamu uwanjani, halafu watu wakabaki kujadili walichokiona. Mjadala huzaliwa pale watu wanapoona uso wa msemaji na kusikia neno lake. Picha ikitikisika juu ya kitambaa kikubwa, watazamaji wanaumwa macho, wanaondoka. Mama aliyejitoa kueleza namna alivyopoteza shamba lake anakuwa amesema bure.

Vifaa viko vya aina nyingi, lakini kwa mfuko wetu nataja njia tatu.

Njia ya kwanza ni mwili na kamba. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vikae karibu na mbavu, magoti yalegee kidogo, egemea ukuta au mti. Kwa kamera, tafuta skrubu ya robo inchi, maana tundu lililo chini ya kamera nyingi ni la kipimo hicho. Ifungie kamba, ikaze taratibu bila kulazimisha, kanyaga ncha ya pili ya kamba, kisha vuta kamera kuelekea juu. Mvuto wa kamba unapunguza mtikisiko. Kwa simu, utahitaji kibanio chenye tundu hilo. Gharama ni ya skrubu na kamba tu, lakini njia hii ni ya kusimama, si ya kutembea.

Njia ya pili ni mti wenye uzito chini. Mmarekani Garrett Brown alibuni Steadicam katika miaka ya 1970, nayo ikatumika katika filamu ya Bound for Glory ya mwaka 1976. Baadaye mwanafunzi Johnny Chung Lee alionyesha namna ya kutengeneza kifaa kinachofuata wazo hilo kwa dolari 14, kwa mabomba ya chuma na uzito wa mazoezi. Uzito unaifanya kamera isigeuke haraka. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza, na hakihitaji umeme. Ubaya wake ni kwamba mkono unachoka, na kinadai mazoezi ya siku nyingi.

Njia ya tatu ni gimbali, yaani kishikio chenye mota zinazosahihisha mkono unapoyumba. Bei imeshuka: Osmo Mobile ya kwanza ya DJI ilitoka mwaka 2016 kwa dolari 299, na ya pili mwaka 2018 kwa dolari 129. Hizo zilikuwa bei za Marekani wakati huo. Kabla ya kufika Kindu kuna usafiri na ushuru.

Ndugu zangu, kabla ya kutoa fedha ya kikundi, tujiulize haya:

1. Je, kifaa kinabeba uzito wa simu yetu? Osmo Mobile 6, kwa mfano, ni ya simu za gramu 170 hadi 290. Pima simu pamoja na ganda lake.
2. Tutachaji wapi? Kama chaji inategemea jenereta ya mtu, hesabu gharama hiyo pia.
3. Je, kinafanya kazi bila programu ya kupakua kwa intaneti? Jaribuni mbele ya muuzaji.
4. Kikivunjika, nani atakitengeneza? Mti wa chuma una fundi hapa. Mota haina.
5. Je, tunatembea tukipiga picha? Kama kazi yetu ni mahojiano ya watu walioketi, stendi ya miguu mitatu inatosha.

Na msifunge simu kwenye pikipiki. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilionya kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zake.

Shauri langu ni hili: tuanze na kamba na stendi. Fedha inayobaki inunue kwanza maikrofoni, kwa sababu watu huvumilia picha mbaya kuliko sauti isiyosikika. Gimbali ije baadaye, kazi ikiidai.

Neno la mwisho ni kwa viongozi. Kifaa cha pamoja kinaweza kuleta ugomvi kama kinalala katika nyumba moja tu. Kiandikwe katika daftari, kitunzwe na watu wawili, mmoja kutoka kwa waliohamishwa na mmoja kutoka kwa wenyeji, na wasichana wakishike sawa na wavulana. Kabla ya kupiga picha, mwenye uso aombwe ruhusa, na mwenye mamlaka wa mahali aarifiwe, kwa maana mti wa chuma ukionekana kwa mbali unaweza kudhaniwa silaha. Mtu akikataa, kamera ishushwe. Hakuna kifaa kinachoweza kutuliza moyo wa mtu aliyepigwa picha kwa nguvu.

Sasa ni zamu yenu kuuliza.